Jamhuri yenye mfalme? Watoto wa "res publica" na lipi uchague unapotafsiri

Sentensi iliyonikwamisha ilikuwa fupi. Ilisema kwamba mwaka 1573 mfalme mpya wa jamhuri ya Poland alitakiwa kuapa kwamba ataheshimu haki za watu waliomchagua. Mhariri aliyepitia kazi yangu aliizungushia duara jekundu, akaandika pembeni: "Mfalme au jamhuri? Amua." Nilimwelewa. Kwa sikio la Mswahili, jamhuri ni nchi iliyokwisha kuachana na mfalme, na kumtia mfalme ndani ya jamhuri ni sawa na kumfuga papa kisimani. Lakini sikuwa nimekosea. Wapoland wenyewe waliiita nchi yao hivyo, kwa neno lao, na mfalme akiwa ameketi kitini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyakusanya maneno ya Ulaya yaliyozaliwa na neno moja la Kilatini, "res publica", na kuyapanga sambamba nione lipi linastahili kuwa "jamhuri" kwa Kiswahili na lipi halistahili. Haya ndiyo niliyoyaona. Kama unatafsiri, unafundisha historia, au umewahi kujiuliza kwa nini Jumuiya ya Madola na nchi ya Cromwell, yaani Uingereza ya karne ya 17 iliyomwondoa mfalme, huitwa kwa neno moja la Kiingereza, "commonwealth", huenda yakakufaa.

Mizigo miwili kutoka Roma

"Res" ni neno lenye mfuko mpana: kitu, mali, jambo, shauri, hata kesi mahakamani. "Publica" ni ya watu, ya umma. Ukiyaunganisha unapata "shauri la umma" au "mali ya umma", na Warumi walimaanisha yote mawili. Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma, katika miaka ya 50 KK, alilifafanua kwa mchezo wa maneno ambao Kiswahili kinaubeba bila taabu: "res publica" ni "res populi", mali ya umma ni mali ya watu. Tazama asiyetajwa hapo: mfalme. Kwa jadi yao, Warumi walikuwa wamewafukuza wafalme mwaka 509 KK, lakini Cicero katika kitabu hichohicho anauhesabu ufalme wa haki kuwa miongoni mwa namna njema za kuendesha "res publica". Kwake, chombo ni cha nani ni swali moja, na nani ameshika usukani ni swali jingine.

Augustus, kaisari wa kwanza wa Roma, alilielewa hilo kuliko wote. Baada ya kujikusanyia mamlaka hakulitupa neno. Alijisifu kwamba ameitoa "res publica" mikononi mwake na kuikabidhi kwa seneti na watu wa Roma, na makaisari waliomfuata waliendelea kulitumia. Vitabu vyetu vinaposema "Jamhuri ya Roma ikaisha, Himaya ikaanza", vinafuata mgawanyo wa wanahistoria wa baadaye. Mrumi wa wakati wa kaisari Trajan angeshangaa kuambiwa kwamba hana tena "res publica".

Kwa hiyo neno lilisafiri na mizigo miwili. Wa kwanza ni mpana: dola lolote ambalo ni la umma na linapaswa kuendeshwa kwa faida ya umma, awe mfalme yupo au hayupo. Wa pili ni mwembamba: dola lisilo na mfalme. Lugha za Ulaya hazikuipokea mizigo hii siku moja, na nyingine ziliutua mmoja zikabaki na mwingine. "Jamhuri" yetu inabeba wa pili peke yake. Taabu yote ya mtafsiri inatoka hapo.

Njia za kulipokea nazo zilikuwa mbili, na sote tunazijua kwa sababu Kiswahili hupita humo kila siku. "Seneti" tumelikopa lilivyo, "Umoja wa Mataifa" tumefasiri kipande kwa kipande. Kiitalia kikawa na "repubblica", Kifaransa "république", Kihispania na Kireno "república", Kijerumani "Republik". Hao ni wakopaji. Wengine walilivunja neno vipande viwili, wakatafuta nyumbani mwao vipande vya kuvilingana.

Paris na London: kitabu kimoja, majina mawili

Machiavelli, mwandishi wa siasa wa Italia, aliandika mwaka 1513 kwamba dola zote ama ni jamhuri ama ni tawala za mtu mmoja. Huko Italia, penye Venice, Genoa na Lucca, mzigo wa pili ulikuwa umeshakaa begani. Lakini vuka milima ya Alps. Mwaka 1576 Mfaransa Jean Bodin alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu "république", na maana aliyoitoa ni hii: utawala wa haki wa kaya nyingi, na wa vile walivyo navyo kwa pamoja, wenye mamlaka ya juu kabisa. Bodin alikuwa mtetezi wa ufalme. Ufaransa ya wakati wake ilikuwa na mfalme, na kwake ilikuwa "république" bila ubishi wowote. Ukikitafsiri kitabu hicho kwa Kiswahili ukaandika "jamhuri" kila ukurasa, msomaji ataona mtu anayejipinga mwenyewe. Andika "dola", na kila kitu kinanyooka.

Sasa tazama alichofanya Richard Knolles, aliyekileta kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 1606. Hakutumia neno la mkopo. Aliandika "commonweale". Waingereza walikuwa wamefasiri: "common" ya wote, "weal" ustawi. Hata "wealth" katika "commonwealth" haikuwa pesa, ilikuwa hali njema. Msomi wao, Thomas Elyot, alikuwa amelilalamikia neno hilo tangu 1531. Alidai kwamba "common" inanuka watu wa chini, kana kwamba nchi ni ya makabwela peke yao, na kwamba tafsiri sahihi ya "publica" ni "public weal". Hakusikilizwa. Huwa napenda kumkumbuka Elyot kila ninapoona mabishano ya istilahi yanachemka: alikuwa na hoja, alikuwa na elimu, na lugha ikampita.

Kisha mwaka 1649 ukaja. Januari 30 Charles wa Kwanza alikatwa kichwa, na Mei 19 Bunge likatunga sheria kwamba watu wa Uingereza ni "Commonwealth and Free State", watakaotawaliwa bila mfalme wala Nyumba ya Malodi, lile baraza la mabwana bungeni. Neno "republic" halimo. Wangeweza kulitumia, maana lilikuwepo, lakini walipotaka kuandika sheria walichukua neno la nyumbani na kulipa kazi mpya. Kwa miaka 11, "commonwealth" ilimaanisha kile tunachokiita jamhuri, hadi mfalme aliporudi mwaka 1660.

Hapo ndipo neno hili lilipoanza kupinda. Massachusetts ilijiita "commonwealth" katika katiba yake ya 1780, na leo ni miongoni mwa majimbo manne ya Marekani yenye jina hilo, pamoja na Pennsylvania, Virginia na Kentucky. Australia ilijiita hivyo mwaka 1901 ikiwa chini ya mfalme. Kisha Aprili 1949, India ilipotaka kuwa jamhuri na kubaki na wenzake, tamko la London likakubali, na jumuiya tunayoijua, ambayo Kenya, Uganda, Tanzania na hata Rwanda (tangu 2009) ni wanachama, ikaendelea kumtambua mfalme wa Uingereza kuwa kiongozi wake. Neno lililoandikwa kwenye sheria ya kumfuta mfalme sasa lina mfalme kileleni.

Kwa hiyo "Commonwealth" ya Cromwell usiiite Jumuiya ya Madola, nami nimeshaliona kosa hilo kwenye chapa. Mwaka 1649 ni jamhuri. Massachusetts ni jimbo tu. Kwenye maandishi ya karne ya 16 ni dola au ustawi wa wote, kutegemea sentensi. Jumuiya ya Madola ni ya karne ya 20 na kuendelea. Pia usidanganywe na masikio: "jumuiya" na "jamhuri" zimetoka kwenye mashina tofauti ya Kiarabu, ingawa zinafanana kama mapacha.

Nao Wafaransa? Septemba 21, 1792 walifuta ufalme, na siku iliyofuata ikahesabiwa kuwa ya kwanza ya mwaka wa kwanza wa République. Tangu hapo mzigo wa pili ukawa ndio neno lenyewe, na majeshi yao yakalitembeza: Uholanzi 1795, kaskazini mwa Italia 1797, Uswisi 1798. Hata hivyo, Mei 1797 ni majeshi hayohayo yaliyosababisha kifo cha Venice, jamhuri iliyoishi karne nyingi. Wenye neno jipya walimzika mwenye neno la kale. Na mzigo wa kwanza haukufa mara moja hata Paris. Katiba ya 1804 ilisema kwamba serikali ya République imekabidhiwa kaisari, na kwa miaka michache sarafu za Napoleon ziliandikwa "Empereur" upande mmoja na "République française" upande wa pili. Augustus angecheka.

Warsaw: mali ya wote, mfalme wa kupigiwa kura

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo sentensi yangu ilipotoka.

Wapoland walifasiri kipande kwa kipande: "rzecz" ni kitu au jambo, "pospolita" ni ya wote. "Rzeczpospolita". Wakafasiri na sarufi pia. Kwa Kilatini "res publica" hubadilika sehemu zote mbili kufuatana na kazi yake katika sentensi, na neno la Kipoland lilifanya vilevile: "Rzeczypospolitej", mwanzo umebadilika na mwisho umebadilika. Kwa mzungumzaji wa lugha nyingine hilo ni maajabu, lakini sisi tunalo nyumbani. "Mwanamke" mmoja, "wanawake" wengi: neno limeungana, ila kila nusu bado inakumbuka kwamba ilikuwa neno kamili.

Mwaka 1569, kwa Muungano wa Lublin, Poland na Lithuania zikawa Rzeczpospolita ya Mataifa Mawili. Mfalme wa ukoo wa Jagiellon alipokufa bila mrithi mwaka 1572, mabwana wa nchi wakakutana na kumpigia kura mfalme mwingine, Mfaransa Henri wa Valois, na kumwekea masharti. Alikaa miezi michache, akasikia kaka yake amekufa, akatoroka usiku kwenda kurithi kiti cha Ufaransa. Wapoland wakachagua mwingine. Waliendelea hivyo kwa zaidi ya karne mbili, hadi majirani walipoimaliza kuigawana nchi mwaka 1795.

Je, hiyo ni jamhuri? Kwa mzigo wa kwanza, ndiyo, tena kwa fahari: nchi ni ya wote, mfalme ni mtumishi aliyeajiriwa kwa masharti. Ila hao "wote" walikuwa mabwana. Mkulima aliyelima shamba lao hakuwamo. Kwa mzigo wa pili, hapana. Ndiyo maana ninaamini "jamhuri" hapo inapotosha ikiachwa peke yake, na "ufalme" unapotosha zaidi.

Kipoland chenyewe kimetatua tatizo kwa njia ambayo sijaiona kwingine. Kimechukua na neno la mkopo pia, "republika", kisha kikagawa kazi. Poland ni "Rzeczpospolita". Ufaransa, Ucheki na wengine ni "republika". Nchi ya leo, iliyozaliwa baada ya 1989, huitwa Rzeczpospolita ya Tatu, lakini jamhuri ya tano ya Wafaransa ni "Republika" ya Tano. Hata wakomunisti, ambao hawakuwa na sababu ya kuwapenda mabwana wa kale, mwaka 1952 waliiita nchi "Polska Rzeczpospolita Ludowa". Warusi nao, wanaosema "respublika" kwa dunia nzima, waliligeuza lile la Kipoland kuwa "Rech Pospolitaya" na kulitumia kwa ile Poland ya kale tu.

Mlinganishe Mpoland na Mhungaria. Kihungaria nacho kilifasiri: "köz", ya umma, na "társaság", jumuiya, "köztársaság". Lakini historia yake ni kinyume cha ile ya Poland. Kuanzia 1920 hadi 1944 Hungaria ilikuwa ufalme usio na mfalme, chini ya mlezi wa kiti, Miklós Horthy, aliyekuwa admirali katika nchi isiyo na bahari. Huku jamhuri yenye mfalme, kule ufalme wenye kiti kitupu. Kisha Januari 1, 2012 katiba mpya iliondoa neno kwenye jina la nchi: ikawa "Magyarország", Hungaria, basi. Nchi bado ni köztársaság kwa mujibu wa katiba hiyohiyo, ila jina halisemi. Kwa hiyo hati ya Budapest ya 2005 itafsiri "Jamhuri ya Hungaria", na ya 2015 "Hungaria". Hilo ni jambo dogo, lakini kwenye cheti cha ndoa au cha shule hati inaweza kurudishwa kwa sababu yake.

Dublin: maneno mawili, na vita

Waireland walifasiri mara mbili. Tangazo la waasi wa Pasaka ya 1916 lilianza na maneno "Poblacht na hÉireann". "Poblacht" imejengwa juu ya "pobal", watu, ambalo nalo liliingia Kiireland zamani kutoka "populus" ya Kilatini. Lakini bunge walilojiundia mwaka 1919 lilipendelea neno jingine, "Saorstát": "saor" huru, "stát" dola. Kwao yote mawili yalikuwa jina la kitu kilekile, yaani jamhuri.

Inasimuliwa kwamba Julai 1921, kiongozi wa Waireland, Éamon de Valera, alipokwenda London, waziri mkuu wa Uingereza, Lloyd George, aliona "Saorstát" juu ya barua akauliza maana yake neno kwa neno. Akaambiwa: dola huru. Basi, akasema, hatuna haja ya kubadilisha jina. Mkataba wa Desemba 6, 1921 ukaunda "Irish Free State", dola huru ndani ya himaya, lenye wabunge wa kumwapia mfalme uaminifu. Waingereza waliikubali tafsiri, wakalikataa neno. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923 vilipiganwa kwa sababu ya kiapo hicho na mfalme huyo, wala si kwa sababu ya kamusi, lakini pande mbili zilijulikana kwa majina hayo: watu wa Jamhuri na watu wa Dola Huru. Neno moja la Kiireland limepasuka katikati.

Kwa mtafsiri, matokeo yake ni haya: "Saorstát" katika hati ya 1920 ni jamhuri. "Saorstát" katika hati ya 1925 ni Dola Huru la Ireland. Herufi zilezile. Jamhuri kamili ilitangazwa na kuanza Aprili 18, 1949, Ireland ikajitoa kwenye Jumuiya ya Madola, siku chache tu kabla ya jumuiya hiyo kuifungulia India mlango uliokuwa umefungwa.

Wajerumani nao wanalo hilo la "dola huru": "Freistaat". Bavaria ilitangazwa hivyo Novemba 1918, mfalme alipong'oka, na maana ilikuwa moja tu, kwamba hatuna mfalme tena. Katiba ya Ujerumani ya 1919 inasema kwenye kifungu cha kwanza kwamba nchi ni "Republik", na baadaye inataka kila jimbo liwe na katiba "freistaatlich". Mkopo na tafsiri vinakaa kwenye karatasi moja bila kugombana. Leo Bavaria, Saxony na Thuringia bado zinajiita Freistaat, na wageni wengi hudhani zina uhuru wa ziada. Hazina. Kwenye habari ya leo andika "jimbo la Bavaria" na uendelee na safari yako. Kwenye makala ya 1918, andika jamhuri.

Wengine, kwa haraka

Pwani ya Baltiki kuna majirani watatu waliojitangazia uhuru mwaka mmoja, 1918, na kila mmoja ana lake. Lithuania ni "respublika", imeibakiza hata ile "s" ya Kilatini ambayo wengi wameimeza. Latvia ni "republika". Estonia ni "vabariik", dola huru. Ng'ambo ya maji, Wafini husema "tasavalta": "tasa" sawa, "valta" mamlaka, mamlaka yaliyo sawa. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote, ingawa mwaka huohuo wa 1918 bunge la Finland lilimchagua mtu wa ukoo mtawala wa Kijerumani awe mfalme wao, akakataa baada ya Ujerumani kushindwa vita. Walithuania pia walikuwa wamechagua wao, wakaghairi. Waiceland, Juni 17, 1944, walitangaza "lýðveldi", nguvu ya watu, neno ambalo ni dada wa tumbo moja wa "lýðræði", demokrasia.

Wagiriki wamekwenda mbali zaidi: wana neno moja kwa vyote viwili. Jina la nchi, ambalo sisi huliita Jamhuri ya Ugiriki, kwao ni "Ellinikí Dimokratía". Hawakuhitaji Kilatini, walikuwa na lao la tangu kale. Mpaka mfalme alipokataliwa kwa kura ya maoni ya Desemba 1974, walikuwa wakisema "demokrasia yenye mfalme", na wakitaka kutofautisha huongeza kivumishi. Kwa hiyo Mgiriki akiandika "dimokratía", tazama kwanza anaongelea nini. Ukiandika "demokrasia" pasipo kutazama, utakosa mara nyingi.

Waholanzi walikuwa na jamhuri yao tangu 1588. Walijaribu "republiek" na "gemenebest" kwa kupokezana kati ya 1795 na 1806, kisha wakaletewa mfalme, na mpaka leo wanaye.

Na yetu je?

"Jamhuri" inaonekana haina udugu na Roma, lakini ni mjukuu wake kwa njia ya tafsiri. Kiarabu kina "jumhūr", kundi kubwa la watu, umma. Waosmani walitoa humo "cumhuriyet" kwa kutafuta mwenza wa "république", Waarabu wakawa na "jumhūriyya", na pwani yetu ikapokea. Yaani tumeupata upande wa "publica", ile "res" ikaachwa njiani. Tafsiri kamili tunayo pia, "mali ya umma", ila siku hizi mtu akiisikia hufikiria gari la serikali lililoonekana harusini, kwa hiyo haitufai.

Kuna mlinganisho mmoja ambao hunifurahisha. Kimalta ni lugha iliyotokana na Kiarabu, na siku kwao ni "jum". Ungetarajia wao ndio waseme kitu kama jamhuri. Lakini walikopa kwa Waitalia, na sikukuu yao ya Desemba 13, ya tangu 1974, ni "Jum ir-Repubblika". Kenya husherehekea Jamhuri Desemba 12, ya tangu 1964. Mtoto wa Kiarabu amekopa Roma, mtoto wa Kibantu amekopa Uarabuni, na sherehe zao zimepishana siku moja.

Lipi basi uchague

Wengi huangalia mwaka, na mwaka husaidia: baada ya 1792, katika lugha zilizokopa, "jamhuri" itakufaa karibu kila mara. Lakini Poland, Ireland na Uingereza zimeshatuonyesha kwamba mwaka hautoshi. Mimi siku hizi huuliza neno linagombana na nani katika ukurasa huo. Likisimama mbele ya mfalme, mwana wa mfalme au ukoo wa kurithi, ni jamhuri, hata kama limeandikwa "commonwealth", "Freistaat" au "Saorstát". Likisimama mbele ya choyo, chama cha wachache, faida ya mtu binafsi au udhalimu, ni dola, ni umma, ni ustawi wa wote, hata kama limeandikwa "république" kwa herufi kubwa. Cicero na Bodin wako upande huu mara nyingi, Machiavelli upande ule.

"Dola huru" liweke kwa Ireland ya 1922 hadi 1937, ambako neno lenyewe lilikuwa maafikiano ya kisiasa na msomaji anapaswa kuuhisi ugumu wake. Kwa Estonia usiandike "Dola Huru la Estonia", kwani kwao hilo ni neno la kawaida la jamhuri. Wajenzi wake walikuwa na udongo mwingine tu. Vivyo hivyo kwa Finland: "mamlaka sawa" ni maelezo ya tanbihi, jina la nchi ni Jamhuri ya Finland. Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, itakutesa, maana kwa Kiingereza ni "Commonwealth" na kwa Kihispania, kwa katiba ileile ya 1952, ni "Estado Libre Asociado", dola huru shirika. Hapo mimi hufuata Kihispania, kwa sababu ndicho wanachoongea wenyewe nyumbani.

Na ile ya mhariri? Sikuandika jamhuri, sikuandika ufalme. Nililiacha neno la Kipoland lilivyo, nikalifasiri mara moja na kuendelea: "Mfalme mpya wa Rzeczpospolita, nchi ambayo wenyewe waliiita mali ya wote, alitakiwa kuapa." Alirudisha ukurasa bila duara. Safari hii aliandika pembeni swali jingine: "Wote, wakulima nao wamo?"

Nikaongeza sentensi.